Maswali ya Wasomaji: Tela, Baridi na Watu Wawili

Kuanzia mwisho wa Septemba hadi Novemba, majani hugeuka rangi kaskazini na mashariki mwa Marekani, watoto wako shuleni na makambi yana nafasi. Kwa mume na mke wenye tela la kulala, hii ndiyo miezi mizuri ya kutoka. Bahati mbaya matela mengi yamejengwa kwa ajili ya kiangazi, na barua za mwezi huu zinaonyesha hivyo. Tumechagua zile zinazohusu usalama au pesa. Za mapazia na mapishi zitasubiri.

Nyuma ya gari inazama, tela linatingisha mkia

*Tumenunua tela la futi 21. Likiwa tupu lina paundi 3,900, na muuzaji alituhakikishia kwamba pikapu yetu inavuta hadi paundi 7,500. Lakini tukishalifunga, nyuma ya gari inashuka, taa za mbele zinamulika vilele vya miti, na lori likitupita kwenye barabara kuu tela linaanza kuyumba. Kasoro iko kwenye gari au kwenye tela? Msomaji, Columbus, Ohio*

Kasoro iko kwenye hesabu mliyopewa, ndugu. Uwezo wa kuvuta ni namba ya matangazo. Kinachowahi kuisha, karibu kila mara, ni uwezo wa gari kubeba. Fungua mlango wa dereva utazame kibandiko cha njano na nyeupe kwenye fremu. Kinataja uzito wa juu kabisa wa watu na mizigo kwa gari hilohilo lililo mbele yako, wala si kwa aina nzima ya gari. Tuseme chenu kinasema paundi 1,250.

Sasa lipakieni tela kwenye karatasi. Huo uzito wa "tupu" kwa kawaida hauhesabu maji, gesi wala betri. Galoni 30 za maji ni paundi 250. Gesi ya mitungi miwili ni 40, betri 60, na vyombo, nguo, chakula, viti na zana havipungui 500. Jumla 4,750. Shingo ya tela, yaani sehemu ya mbele inayofungwa kwenye gari, inatakiwa iegemee gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito huo. Tukichukua 13, gari linabebeshwa paundi 620 hivi. Ongeza nyinyi wawili 340, jenereta na kuni za nyuma 250, na chuma cha kuungia chenyewe 90. Mmefika 1,300, na kibandiko kimesema 1,250. Tela liko chini kabisa ya zile 7,500, lakini gari limeshazidiwa.

Msijaribu kutibu hilo kwa kuhamishia mizigo nyuma ya tela ili shingo iwe nyepesi. Shingo nyepesi ndiyo sababu kubwa ya kuyumba, hasa kama mmefunga baiskeli kwenye bampa ya nyuma. Punguzeni mzigo kwanza: safirini na theluthi ya tangi la maji, kuni mnunue huko mwendako. Asilimia kama 60 ya mizigo ya ndani ikae mbele ya ekseli za tela, chini, karibu na sakafu.

Kisha nunueni kiunganishi chenye vyuma vya kugawa uzito, kile kinachorudisha sehemu ya mzigo kwenye magurudumu ya mbele ya gari. Kukirekebisha hakuhitaji fundi. Pima kwa tepu kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya gurudumu la mbele: mara moja gari likiwa peke yake, mara ya pili tela likiwa limefungwa bila vyuma, mara ya tatu vyuma vikiwa vimekazwa. Ikiwa mbele ilipanda inchi 2 tela lilipowekwa, vyuma viishushe angalau inchi 1. Kitabu cha gari kitawaambia kiwango hasa. Vikikazwa kupita kiasi, magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi na gari linateleza kwenye majani yaliyolowa. Vyuma hivi havipunguzi uzito wa shingo, kwa hiyo ile hesabu ya kibandiko inabaki palepale. Siku moja piteni na kila kitu mlichopakia kwenye mizani ya malori, iliyopo kwenye vituo vikubwa vya mafuta. Ni dola chache, na ubishi unaisha.

Tela likianza kuyumba barabarani, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, na usukume kwa mkono kile kiwashio cha breki za tela kwenye dashibodi. Usikanyage breki ya gari wala usipambane na usukani; vyote viwili huongeza kuyumba. Jifunzeni kilipo hicho kiwashio kabla ya safari, hata yule asiyeendesha.

Upepo umepungua asubuhi

*Tulijaza matairi ya tela PSI 50 ndani ya gereji. Asubuhi kambini tumekuta 46 kwa yote manne. Yanavuja? Msomaji, Louisville, Kentucky*

Yote manne kwa kiasi kilekile? Hayavuji, ni baridi tu. Tairi hupoteza takriban PSI 1 kwa kila nyuzi 10 za Farenhaiti zinazoshuka, yaani kama nyuzi 5.5 za Selisiasi. Jazeni tena asubuhi kabla ya kuondoka, hadi kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, na msipunguze upepo mchana tairi likiwa limepata moto. Tairi la tela lililopungukiwa upepo huchemka ndani na kuchanika bila onyo, na likichanika linang'oa sakafu na nyaya za breki. Tazameni pia tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT, ile ya utengenezaji iliyo ubavuni mwa tairi: 3419 maana yake wiki ya 34 ya mwaka 2019. Likishapita miaka mitano au sita libadilishwe, hata kama kashata zake bado ni nzima, kwa sababu matairi ya tela huzeeka kwa kusimama juani.

Kupiga rivasi bila kununiana

*Kila tukifika kambini, mimi ndiye wa kumwelekeza mume wangu akirudi nyuma. Nasema kulia, anakwenda kushoto. Majirani wanatoka na viti vyao kututazama. Tufanyeje? Dada msomaji, Indianapolis*

Dada, makosa si yako wala si ya shemeji. "Kulia" ni neno baya kwa kazi hii, kwa kuwa usukani ukienda kulia mkia wa tela unakwenda kushoto. Acheni kutaja usukani kabisa. Taja mkia: "mkia uje kwangu" au "mkia uende mbali nami." Dereva aweke mkono mmoja chini kabisa ya usukani, hapo mkono ukienda kushoto, mkia nao unakwenda kushoto, na hana haja ya kufikiri.

Wewe simama upande wa dereva, nyuma ya tela, mahali ambapo unaiona sura yake kwenye kioo cha pembeni. Asipokuona, asimame papo hapo, bila kujadili. Anayeelekeza ndiye anayesema, dereva ananyamaza. Simu mara nyingi hazishiki porini, kwa hiyo redio ndogo za mkononi zina faida kuliko kupiga kelele. Na kabla gari halijasogea, shukeni wote wawili mtazame pia juu: tawi lililoinama kwa mvua huchana paa la mpira ambalo hakuna kamera inayoliona.

Tela likianza kujikunja kama kisu, msilikazanie. Songeni mbele mita tano linyooke, muanze upya. Mkiweza kuchagua nafasi wakati wa kuhifadhi, chagueni ambayo mtaingilia kwa upande wa dereva. Na mfike mapema. Saa hurudishwa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, na baada ya hapo huko kaskazini jua linazama karibu saa kumi na moja jioni.

Mpangilio wa kuunganisha

*Tunaogopa tela kuchomoka. Kuna jambo gani watu husahau? Msomaji, Portland, Maine*

Ukubwa wa tufe la chuma. Matela mengi ya kulala hutaka la inchi 2 na 5/16, lakini kikombe chake kikikalia tufe la inchi 2 kitaonekana kimefunga vizuri, hadi shimo la kwanza barabarani. Namba imechongwa juu ya tufe na juu ya kikombe, zilingane. Mkishafunga kitasa na kuweka pini yake, inueni tena jeki ya shingo mpaka nyuma ya gari ipande inchi moja au mbili. Kikombe kikibaki kimeshika, ni salama. Minyororo miwili ipishane chini ya shingo ili ikichomoka iidake. Kamba ya breki ya dharura ifungwe kwenye gari lenyewe, isifungwe kwenye mnyororo. Halafu plagi ya pini saba, na mmoja akague taa mwenzake akikanyaga breki. Kabari za magurudumu ndizo za kuondolewa mwisho, na wakati wa kufika ndizo za kuwekwa kwanza.

Hita imezima saa tisa usiku na gesi bado ipo

*Tulilala kambi isiyo na umeme, usiku nyuzi 1 za Selisiasi. Saa tisa usiku hita ikazima. Mtungi ulikuwa na gesi zaidi ya nusu. Tukawasha jiko tupate joto, asubuhi kuta zote zinatiririka maji na godoro limelowa chini. Msomaji, Minneapolis, Minnesota*

Kwanza jiko. Msirudie tena. Mwali wa wazi ndani ya chumba kidogo kilichofungwa unakula hewa na kutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua watu usingizini. Hita ya tela ni salama kwa sababu inavuta hewa ya kuchomea kutoka nje na kutoa moshi nje. Kagueni leo king'ora cha kaboni monoksaidi na kile cha gesi: vina tarehe nyuma, na vingi hufikia mwisho wake baada ya miaka mitano hadi saba hata kama taa ya kijani inawaka. Jiko hilo ndilo lililolowesha kuta pia. Kilo moja ya propani ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji katika mvuke. Changanya na pumzi za watu wawili usiku kucha, na kuta za baridi zinamaliza kazi.

Sasa hita. Gesi haikuisha, iliyoisha ni betri. Hita ya BTU 20,000 inatumia kama kilo 0.42 za gesi kwa saa ikiwa inawaka. Usiku wa saa kumi, ikiwaka nusu ya muda, ni kilo 2.1, kwa hiyo mtungi wa kilo 9 unatosha usiku minne. Lakini feni yake inakula ampea 5 hivi. Kwa saa tano za kuwaka ni ampea-saa 25. Friji ya volti 12 ikichukua 20 na ving'ora na vibodi vya umeme vikichukua 5 au zaidi, mmefika 50 au kuvuka. Betri moja ya asidi ya ampea-saa 80 hutoa nusu yake tu bila kuharibika, na baridi hupunguza hata hiyo nusu.

Volti zikishuka, feni inazunguka polepole. Ndani ya hita kuna swichi ndogo ya bapa inayosukumwa na upepo wa feni. Upepo ukiwa hafifu haifungi, na hita inakataa kufungua gesi. Ndiyo maana feni huweza kusikika ikilalamika bila joto. Betri ya asidi ikisoma volti 12.1 imepumzika, imefika nusu. Isomeni kabla ya kulala, si saa tisa.

Dawa ya bei ndogo ni kushusha hita hadi nyuzi 13 au 14 usiku na kulala na blanketi zito, kisha kuwasha jenereta jioni katika saa zinazoruhusiwa kambini. Msitegemee gari kuichaji betri njiani. Waya wa ile plagi ya pini saba ni mwembamba na mrefu, unapitisha umeme kidogo. Dawa ya bei kubwa ni betri ya lithiamu ya ampea-saa 100, ambayo karibu zote zinatumika. Ila lithiamu haichajiwi chini ya nyuzi 0, kwa hiyo ikae ndani ya tela, na chaja ya tela lazima iwe ya aina inayoikubali. Kwa watu wawili wanaotoka wikendi chache kwa mwaka, betri mbili za asidi za volti 6 zilizofungwa kwa mfululizo zinatosha, na tungeanza na hizo.

Godoro liinueni kwa mbao nyembamba zenye nafasi ili hewa ipite chini yake, na muache kitundu cha paa wazi kwa upana wa vidole viwili hata kama kuna baridi. Inauma kupoteza joto, lakini ukungu unauma zaidi.

Kwenye kambi yenye umeme mtashawishika kutumia hita ya umeme tu. Ya wati 1,500 inakula ampea 12.5, na hita ya maji ya umeme 12 nyingine; mkiwasha maikrowevu juu yake, swichi ya ampea 30 inakatika. Tena hita ya umeme inapasha chumba tu, haipulizi joto kwenye mabomba na matangi ya chini ya sakafu kama ya gesi inavyofanya katika matela mengi. Kukiwa na barafu nje, ya gesi lazima iwe inawaka pia.

Msomaji wa Arusha aliyetaka kujua kama mtungi wa nyumbani ungefaa kwa baridi hiyo: gesi ya kupikia ya Afrika Mashariki huchanganywa butani na propani. Butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0. Mitungi ya matela Marekani ni propani, ambayo huchemka hata kwenye nyuzi -42.

Maji, kabla hayajaganda na baada ya safari ya mwisho

*Ni wakati gani hasa tufunge maji? Na je, dawa ya kuzuia kuganda ya gari inafaa? Msomaji, Duluth, Minnesota*

Ya gari haifai hata kidogo, ni sumu. Nunueni ya matela, ya pinki, iliyotengenezwa kwa propilini glikoli. Galoni 2 hadi 3 zinatosha tela la watu wawili.

Usiku unaogusa nyuzi -1 kwa saa moja au mbili kwa kawaida hauharibu kitu ndani ya tela lenye joto. Kinachoganda kwanza ni mpira wa maji ulioachwa nje na bafu la nje. Kwa hiyo jazeni tangi mchana, ng'oeni mpira, mtumie pampu. Makambi mengi ya kaskazini hufunga mabomba yake mnamo Oktoba hata hivyo. Valvu za maji machafu ziacheni zimefungwa na mmwage maji hayo kwa mkupuo, la sivyo mpira wake utajaa barafu. Utabiri ukisema nyuzi -4 au chini kwa saa nyingi, na tela halina mtu, ndipo pa kufunga.

Zimeni hita ya maji, ya gesi na ya umeme, na muiache ipoe kabisa. Fungueni koki moja ya maji moto ili shinikizo litoke, kisha fungueni kizibo cha hita kwa nje. Kwenye hita za kampuni ya Suburban kizibo hicho kina fimbo ya anodi, inayoliwa na kutu badala ya tangi, na hutaka soketi ya inchi 1 na 1/16; fimbo ikiwa imeliwa zaidi ya robo tatu nunueni nyingine. Mwageni tangi la maji safi na mfungue vizibo viwili vya chini, cha moto na cha baridi. Toeni kichujio cha maji. Geuzeni valvu za nyuma ya hita ya maji ili dawa isipitie tangi lake. Mkisahau hili mtamimina galoni 6 bure.

Fungeni vizibo, chovyeni mpira mfupi wa pampu ndani ya dumu la dawa, washeni pampu. Anzeni na koki iliyo karibu na pampu, maji baridi kisha moto, hadi pinki itoke bila kukatika. Msisahau choo na bafu la nje. Halafu zimeni pampu, fungueni koki moja ili shinikizo lishuke, na kwenye tundu la kuingizia maji ya kambi ondoeni kichungi na mbonyeze kivalvu mpaka pinki itoke. Hicho ndicho kinachopasuka kwenye matela ya watu wanaodhani wamemaliza. Kikombe kimoja cha dawa kiende kwenye kila sinki na sakafu ya bafu, kwa ajili ya kona za mabomba.

Wanaopenda kutumia kompresa ya upepo wasizidishe PSI 40. Na bandikeni karatasi juu ya swichi ya umeme ya hita ya maji: ikiwashwa tangi likiwa tupu, elementi inaungua mara moja.

Kuni za nyumbani

*Tuna kuni nyingi za mti wa ashi uliokatwa uani. Kwa nini kambi imezikataa? Msomaji, Lansing, Michigan*

Kwa sababu ya mdudu wa kijani anayetoboa miti ya ashi, aliyegunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002 na kuua miti hiyo kwa mamilioni. Viluwiluwi vyake hukaa chini ya gome na kusafiri na kuni. Nunueni kuni huko mnakozichomea, au zilizopikwa kwa joto na kuwekwa muhuri.

Panya na majani

*Tumeweka dawa ya harufu ya mnanaa, panya bado wanaingia. Msomaji, Kansas City*

Mnanaa unawafurahisha wauzaji. Lala chini ya tela usiku na tochi ya mwenzako iwake ndani; mwanga unapopenya ndipo panya anapopita, hasa kwenye matundu ya nyaya na mabomba. Zibeni kwa wavu wa shaba kisha gundi ya kuziba. Sufi ya chuma (steel wool) nayo inafaa, ila inashika kutu na kuacha madoa. Tena, kwa wenye chumba cha kutokeza: pandeni ngazi mfagie majani na mbegu za mialoni juu yake kabla ya kukirudisha ndani. Mbegu moja iliyobanwa inachana mpira wa kuzuia maji.

Skyline Drive

*Tunataka kupita barabara ya Skyline Drive tuone majani kwenye hifadhi ya Shenandoah, Virginia. Tela letu lina kimo cha futi 11 na inchi 4. Tutapita? Msomaji, Silver Spring, Maryland*

Mtapita. Handaki la Marys Rock, lililo kwenye barabara hiyo, lina futi 12 na inchi 8, lakini pimeni wenyewe hadi juu ya kiyoyozi, msiamini brosha, na mkae katikati ya njia kwa kuwa dari lake ni la upinde. Barabara yote ina maili 105 na mwendo wa juu ni maili 35 kwa saa. Kwenye mteremko shusheni gia badala ya kukalia breki. Mkisikia harufu ya kuungua, egesheni zipoe. Kulungu wanavuka sana alfajiri na magharibi katika miezi hii, na mkimkuta katikati ya njia punguzeni mwendo bila kukwepa kwa ghafla.

Makambi ya Shenandoah hayana umeme wa kuchomeka, kwa hiyo jibu la betri hapo juu linawahusu. Kama handaki linawatia wasiwasi, lipo maili ya 32. Mkiingilia lango la Front Royal mnafika kambi ya Mathews Arm, maili ya 22, bila kuligusa. Na kwa Big Meadows, maili ya 51, ingieni kwa Swift Run Gap kupitia barabara ya 33.